Maswali ya Wasomaji: Nani Akae na Nani Kwenye Tangi Dogo la Samaki

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wenye matangi ya kioo ya lita 40 hadi 80, maji yasiyo na chumvi. Ukiziondolea salamu, zinabaki na swali moja: samaki gani wanapatana? Wengi wameandika baada ya mambo kuharibika. Mtatuvumilia tukirudi mara kwa mara kwenye maji na kwenye ukubwa wa samaki akishakomaa, maana mengi mnayoyaita "tabia mbaya" ya samaki chanzo chake kiko huko.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Nataka rangi, nataka amani. Niweke samaki gani, na wangapi?
*Anayeanza*

Zidisha vipimo vyote vitatu, gawanya kwa 1,000: unapata lita 54. Hizo ni lita za kioo kitupu. Ukishatandika mchanga wa sentimita 4, ukaweka gogo na mawe mawili, na ukaacha sentimita 3 juu bila kujaza, maji halisi yanabaki lita 42 hadi 45. Hesabu samaki kwa lita hizo. Dawa nayo ipime kwa hizo hizo. Anayepima kwa lita 54 anazidisha dozi kwa karibu robo nzima.

Kabla ya kutaja jina lolote la samaki, pima maji ya bomba lako: pH (kipimo cha uasidi) na ugumu (wingi wa madini yaliyoyeyuka). Kama birika lako hujenga ukoko mweupe ndani na sabuni inakataa kutoa povu, tayari unajua maji ni magumu, kilichobaki ni kujua kiasi. Ugumu ukipita digrii 10 na pH ikiwa 7.5 au zaidi, nenda kwa gapi na plati. Ugumu ukiwa chini ya digrii 8 na pH kati ya 6 na 7, hayo ni maji ya tetra, rasbora na koridora. Aliyeko katikati ana bahati, kwa kuwa samaki wengi waliozalishwa kwenye mabwawa wamezoea pande zote mbili. Dawa za kushusha pH ziacheni. Maji magumu yana kaboneti zinazoirudisha pH juu baada ya siku moja au mbili, na kupandishwa na kushushwa huko kunamdhoofisha samaki kuliko pH ya 7.8 isiyotikisika.

Kwa maji laini tungeweka tetra neoni 8, koridora panda 6 na gurami asali mmoja, joto nyuzi 24. Wote watatu wanaishi vizuri kwenye joto hilo, hakuna mwenye mdomo wa kummeza mwenzake, na kila kundi lina orofa yake: koridora chini, neoni katikati, gurami juu kwenye mimea inayoelea. Kwa maji magumu, madume 8 ya gapi na koridora wa shaba 6, basi. Tangi litaonekana lina nafasi. Liache hivyo hivyo.

Hizo 6 na 8 si mapambo ya hesabu. Neoni akiwa na wenzake wawili tu hupauka, hujibana nyuma ya hita na hula kwa kuvizia. Wakiwa wanane wanatoka mbele na ule mstari wa buluu unawaka. Bora aina mbili zenye makundi kamili kuliko aina sita za samaki wawili wawili, ingawa tunajua dukani mkono unawashwa.

Koridora wana sharti moja ambalo wauzaji hulisahau: mchanga laini. Huyu hula kwa kuzamisha pua mchangani na kutoa mchanga kupitia matamvua. Juu ya changarawe zenye makali, sharubu zake huchakaa. Mtazame kwa karibu akiwa ametulia kwenye kioo cha mbele: sharubu nzima ni nyembamba na zinachezacheza, zilizoharibika ni vinundu vifupi, wakati mwingine vyekundu kwenye ncha. Changarawe chafu huharakisha uharibifu huo, kwa hiyo kubadilisha mchanga bila kuacha kulisha kupita kiasi ni nusu ya tiba.

Ingiza kundi moja, subiri wiki mbili, pima maji, ndipo ulete jingine. Gurami aingie mwisho kabisa. Anayemiliki eneo akitangulia, kila anayekuja baada yake ni mvamizi.

Muuzaji aliniambia kanuni ni sentimita moja ya samaki kwa kila lita moja ya maji. Ni kweli?
*Mpenda hesabu*

Kwa samaki wembamba wasiozidi sentimita 5 wakikomaa, inasaidia kukadiria. Nje ya hapo inapotosha. Samaki kumi wa sentimita 2 na samaki mmoja wa sentimita 20 wana "urefu" sawa kwa kanuni hiyo, lakini uzito huongezeka kwa mchemraba wa urefu. Wakiwa na umbo moja, yule mmoja ana uzito wa wadogo hao elfu moja, yaani mara 100 ya kundi lako la kumi. Kinyesi na oksijeni vinafuata uzito, havifuati rula.

Na pima urefu wa samaki mzima, si wa yule aliye kwenye mfuko. Hapa ndipo pleko anapowaponza watu. Anauzwa akiwa na sentimita 5, eti "msafisha tangi", na wengi wa aina inayouzwa hivyo hufika sentimita 30 au zaidi. Kinyesi chake peke yake kitakushinda. Kama shida yako ni mwani, punguza taa hadi saa 7 au 8 kwa siku na punguza chakula.

Nina beta dume mwekundu, mzuri ajabu. Nilimwekea gapi madume wanne. Baada ya siku mbili mikia ya gapi imechanika. Je, ni ugonjwa au ni yeye?
*Mwenye mashaka*

Chukua tochi, utazame ukingo wa mkia. Mkia uliong'atwa una mkato safi, mara nyingi kama herufi V, na sehemu iliyobaki ina rangi yake ya kawaida. Mkia unaooza una ukingo mweupe au wa kijivu, umechakaa kama kitambaa kilichofumuka, na kila siku unapungua kidogo. Kwa siku mbili, na mkiwa na beta ndani, tunaweka fedha zetu kwenye meno.

Beta dume amezaliwa kumfukuza beta dume mwenzake, na anamtambua kwa vitu viwili: rangi kali na mapezi yanayopepea. Gapi dume anavyo vyote. Kabla ya kushambulia, beta hufungua vifuniko vya matamvua vikasimama kama kola shingoni, mapezi yote yakatanuka, naye akajipindisha ubavu kumwonyesha mpinzani ukubwa wake. Ukiona hivyo mara moja na kisha akapuuza, si neno. Akirudia kila gapi anapopita, tenganisha siku hiyo hiyo. Mara nyingine mambo hugeuka: gapi ndio wanaomng'ata yeye mkia, kwa kuwa mapezi yale mazito humfanya awe mwogeleaji mzito.

Maji nayo hayawapatanishi. Gapi anataka maji magumu. Beta anapendelea laini zaidi, joto la 25 hadi 27 na mkondo hafifu. Mmoja kati yao ataishi kwa kuvumilia.

Hao gapi wahamishie chombo kingine chenye chujio. Badilisha robo ya maji kila baada ya siku moja kwa wiki nzima, uwape chakula kidogo. Kama nyama ya shina la mkia haijaguswa, pezi litaota tena kwa wiki chache.

Beta kwenye lita 54 anaweza kukaa na rasbora harlekwini 8 na koridora 6: wana mapezi mafupi, wanaishi kwenye kundi na hawamfuatifuati. Konokono pia. Kamba wadogo wa cheri watageuka kitoweo, hasa watoto wao. Hata kwa wenzi hao wazuri, weka chombo cha akiba tayari, kwa sababu kuna beta wasiotaka jirani wa aina yoyote. Madume wawili wasikae pamoja hata kwa usiku mmoja. Na uache sentimita kadhaa kati ya maji na mfuniko: beta ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, na akizuiwa kufika usoni mwa maji anazama hata kama pampu inafanya kazi.

Nilinunua tangi jipya, nikaweka maji, nikawasha chujio siku mbili, maji maangavu kabisa. Neoni 10 waliingia Jumamosi. Hadi Alhamisi wamebaki 3. Je, hawakupatana na plati?
*Aliyevunjika moyo*

Plati hana hatia. Tangi lilikuwa safi mno, na hilo ndilo tatizo.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Kwenye tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi ndani ya sponji ya chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo kwa kiwango cha chini haina madhara makubwa. Bakteria hao hawaji na maji ya bomba wala hawazaliwi kwa siku mbili. Huchukua wiki 4 hadi 6. Wako walikuwa wanaogelea kwenye amonia, isiyo na rangi. Dalili zake ni kupumua haraka karibu na uso wa maji, matamvua mekundu, na kujisugua kwenye mawe.

Kwa nini neoni wakafa na plati wakabaki? Neoni ni mwepesi wa kudhurika kwenye tangi changa. Pia tazama pH yako. Kwenye joto la nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yote katika umbo lenye sumu kali; kwenye pH 8 inakuwa kama asilimia 5. Kipimo kile kile cha amonia, sumu karibu mara 10.

Kwa hao watatu na plati: badilisha asilimia 30 hadi 50 ya maji kila siku mpaka amonia na nitriti zisome 0, kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto lile lile. Klorini ya kawaida hutoka maji yakiachwa wazi saa 24, lakini kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) haitoki hivyo, nayo hutumika sehemu nyingi. Tumia dawa ya kuondoa klorini inayosema wazi kuwa inashughulikia zote mbili. Chakula kidogo mara moja kwa siku. Usilete samaki mwingine.

Siku nyingine, andaa tangi bila samaki. Weka amonia hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, washa chujio na hita, pima kila baada ya siku mbili. Kwanza amonia itashuka na nitriti itapanda; kisha nitriti itashuka. Siku utakayoweka miligramu 2 na kesho yake ukakuta amonia 0 na nitriti 0, tangi liko tayari. Badilisha sehemu kubwa ya maji ili nitreti ishuke chini ya miligramu 20 kwa lita, halafu leta samaki. Ukipata kipande cha sponji kutoka kwenye tangi la rafiki ambalo halina ugonjwa, muda huo hupungua sana. Na sponji isioshwe chini ya bomba: ikamue ndani ya ndoo yenye maji uliyotoa tangini. Watu wengi wameanzisha upya janga hili tangi likiwa na miezi sita, kwa bidii ya usafi.

Watoto wanataka goldifishi na gapi pamoja. Inawezekana?
*Mzazi*

Hapana. Goldifishi hupendelea maji ya nyuzi 18 hadi 22, gapi hustawi kati ya 24 na 27. Goldifishi wa umbo la kawaida, mwenye mkia mmoja, hupita sentimita 20 na huchafua maji sana. Huyo ni samaki wa bwawa. Hata wale wanene wenye mikia miwili hawana makazi kwenye lita 54. Tena gapi mdogo anaingia kwenye mdomo wa goldifishi mkubwa, na kinachoingia mdomoni huliwa. Kwa sababu hiyo hiyo enjelifishi asikae na neoni: akiwa mdogo wanaogelea pamoja vizuri, akifikisha mwili wa sentimita 8 hivi, asubuhi unahesabu neoni wamepungua na hakuna maiti.

Kwa watoto, plati watano kwenye maji magumu wanatosha kwa rangi na kwa uchangamfu.

Nina barbi wa milia myeusi watatu. Wamemtafuna gurami wangu nyuzi zote za mapezi. Niwaondoe?
*Mwenye gurami*

Nyuzi ndefu za gurami huwavutia sana barbi hawa, kwa hiyo ama wao ama yeye. Lakini jua kwamba umewakosea kwa idadi. Wakiwa watatu hawana kundi la kupangiana vyeo, basi ukali wote unaelekezwa kwa jirani. Wakiwa 8 hadi 10, kwenye tangi la lita 100 na kuendelea, hukimbizana wenyewe kwa wenyewe na kuwasahau wengine, alimradi hao wengine si wenye mapezi marefu. Kwenye tangi dogo waache kabisa. Barbi wa cheri hana tabia hiyo, na sita wake wanatoshea lita 54.

Nilinunua gapi majike watatu tu, makusudi, ili wasizae. Sasa kuna vifaranga 20. Imekuwaje?
*Aliyeshangaa*

Walikuja na mimba. Zaidi ya hayo, gapi jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa, kwa hiyo anaweza kuzaa tena, takriban kila wiki nne, bila dume yeyote tangini. Usishangae mwezi ujao.

Asiyetaka watoto anunue madume peke yake. Dume amekonda, ana rangi, na pezi lake la chini nyuma ya tumbo ni jembamba kama kijiti. La jike limetanuka kama kipepeo cha mkononi, na karibu nalo kuna doa jeusi tumboni. Anayetaka jinsia zote mbili aweke majike wawili au watatu kwa kila dume, la sivyo jike atafukuzwa mpaka akonde.

Hao vifaranga: mimea minene inayoelea itaokoa wachache, mama zao watakula waliobaki. Inaonekana ukatili, lakini tangi la lita 50 halina namna nyingine ya kubaki na uwiano, isipokuwa una mtu wa kumpa. Usiwamwage mtoni wala mtaroni. Gapi wameshaenea kwenye mito mingi isiyo yao duniani kwa njia hiyo.

Nimechoka na samaki wa kila mtu. Kuna kitu cha ajabu kinachofaa lita 54?
*Mtafuta jipya*

Kama maji yako ni magumu, wapo sikilidi wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya magamba ya konokono. Jina lao la kitaalamu ni *Neolamprologus multifasciatus*. Dume hufika sentimita 4 au 5, jike hupungua hapo. Usiwachanganye na mbuna, sikilidi wa Ziwa Nyasa: mbuna ni wakali na wanahitaji lita 200 na zaidi.

Tandika mchanga laini wa sentimita 5, usiweke changarawe hata kidogo. Weka magamba matupu ya konokono yasiyopungua matatu kwa kila samaki, mdomo wa gamba uwe na upana wa sentimita 2 hivi. Joto 24 hadi 27, pH 8 hadi 9. Anza na samaki wadogo 5 au 6 ili wapangane wenyewe. Baada ya siku chache utaona kila mmoja anachimba: anachota mchanga kwa mdomo, anautema mbali, mpaka gamba linazama na kubaki tundu tu. Mawe yaegemee kwenye kioo cha chini moja kwa moja, yawekwe kabla ya mchanga, la sivyo watayafukua na yataanguka.

Hao ndio wakazi pekee wa tangi hilo. Koridora atasumbuliwa usiku na mchana kwa kukanyaga mipaka asiyoiona. Wao kwa wao hubishana kwa sentimita chache za mchanga, hutishana midomo wazi, kisha kila mtu hurudi kwake. Shida ya kweli utaijua kwa samaki mmoja aliyesimama kwenye kona ya juu, nyuma ya hita, mapezi ameyabana, na kila akishuka anapandishwa tena. Ongeza magamba upande usio na mtu kwanza. Baada ya siku mbili akiwa bado yuko juu, mtoe.